Kura Iliyopigwa Tukiwa Jikoni

Siku Yaya alipokoseshwa nafasi yake, mimi na yeye tulikuwa uani tunasonga bugali. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kalemie watu wanalisimulia vingine, eti tulishindwa. Mtu anashindwaje mchezo ambao hakuambiwa umeanza?

Yaya hakuwa dada yangu wa damu. Ndivyo huku tunavyomwita dada mkubwa, naye alikuwa jirani yangu na muuza ndagala mwenzangu. Maji ya ziwa yalipopanda na kuumeza uwanja wetu wa kuanikia samaki, sisi wengine tulilalamika mpaka tukachoka. Yeye aliingia kwenye chama akiwa na nia moja, awe mbunge wa mkoa, ili wanawake wa soko wapate mahali pakavu. Nami nikaingia nyuma yake, na kusema kweli nilimfuata yeye kuliko chama.

Jinsi nilivyozipenda siku zile! Tulikutana barazani kwake Jumapili baada ya misa, kila mtu amebeba kiti chake, tukabishana mpaka tukasahau kula. Yaya alikuwa na tabia ya kumwacha mbishi amwage maneno yake yote, kisha anamuuliza kwa upole, "Umemaliza, Papa?" Sote tunacheka, na mbishi mwenyewe anacheka. Viongozi walituahidi kwamba mgombea wetu atachaguliwa na wanachama wenyewe, kwa kura ya ndani ya chama. Tuliamini. Pale barazani hakuna aliyekuwa na shaka nani angepita.

Siku ya kura walikuja wageni wa chama kutoka Kinshasa. Mwenyekiti wetu wa mkoa alitupa ratiba: hotuba, chakula, kisha kura. Sasa mgeni ameshuka kwenye ndege, utamkalisha na njaa? Wanawake tulijipanga uani nyuma ya ukumbi na mababula, majiko yetu ya makaa, sombe ya majani ya muhogo inachemka, samaki wa mikebuka wanakaangwa, na mgombea wetu yuko katikati yetu, kitenge cha chama kiunoni, mwiko mkononi. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini kwetu mwanamke akiwaacha wenzake motoni akaenda kukaa kwenye viti na wanaume, watasema ameshajiona mbunge.

Tulisikia makofi ndani, tukadhani ni hotuba. Yakaja mengine, marefu zaidi, na watu wakaanza kuimba. Yaya alinitazama, akaendelea kusonga. Ndipo mwenyekiti akatokea mlangoni, tabasamu limemjaa.

"Ba mama, mulete maji ya kunawa."

"Na kura, Papa?" nikamuuliza.

"Kura ilishaisha. Walinyanyua mikono. Tulifanya mbio mbio, wageni wako na safari."

Walikuwa wamemchagua mfanyabiashara mmoja anayeishi Lubumbashi, ambaye sisi tunamwona kwenye likizo na misiba. Nilitaka kuimwaga sombe yote chini. Yaya alinishika mkono, akasema, "Bugali itapoa," kisha akabeba sahani mwenyewe mpaka mbele ya huyo mteule. Naye akala, akashiba, akamsifu: "Mama, unapika sana!" Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Tulipokwenda kulalamika, mwenyekiti alitukaribisha vizuri, akatusikiliza, kisha akauliza, "Nani aliwakataza kuingia?" Na kweli, mlango ulikuwa wazi muda wote. Hicho ndicho kilichomkata Yaya maini. Kama wangeufunga angeugonga, angepiga kelele, mji mzima ungesikia. Haukupita muda mrefu akafunga virago, akarudi kwao Kirungu, huko milimani kwenye baridi, kulima maharage.

Nina hamu naye mpaka naona haya, mtu mzima kama mimi. Uwanja wetu bado uko majini, kwa hiyo naanika ndagala pembeni mwa barabara, vumbi la pikipiki na yote, na bila kufikiri namwachia nafasi ya beseni lake. Majirani wananiambia siasa ndivyo ilivyo, nitafute rafiki mwingine. Kana kwamba Yaya anauzwa sokoni!

Majuzi chama kimeanza tena maandalizi ya uchaguzi. Mwenyekiti alifika kwangu na soda, akitaka wanawake tuwapikie wageni. Nikamwambia, "Papa, safari hii tupige kura kwanza. Chakula kitafuata." Hakubisha, nami nikajiona mjanja. Siku ilipofika hatukuwasha moto hata mmoja. Tuliingia ukumbini tukajaza viti vya mbele, wanawake wa soko wote, tumevaa vizuri, mikono iko tayari.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa kidogo. Akasema mwaka huu hakuna kura. Jina la mgombea wetu lilishatoka Kinshasa, na sisi tumeitwa kulipigia makofi. Wengine wakapiga. Mimi nilitoka nje.

Nikampigia Yaya. Kule Kirungu hadi apande kilima ndipo apate rezo ya simu, kwa hiyo nilijaribu mara nyingi kabla hajapokea. Nikamweleza yote, jinsi tulivyokaa viti vya mbele na jinsi tulivyoambiwa. Nilitegemea acheke.

"Kumbe ile yetu ilikuwa kura," akasema. "Ata kama walituibia, walinyanyua mikono."

Nilikata simu kwa sababu machozi yalikuwa yameshanishinda. Hata ushindi siutamani tena. Natamani Yaya akae kando yangu ukumbini, mikono ihesabiwe mbele yetu, tushindwe tukiona kwa macho yetu.