Nilichoma mshumaa wa nta sikioni ili nizibue sikio, nikaliziba kabisa

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikuta mimi mwenyewe, si la kusimuliwa, na aibu yake naibeba mwenyewe.

Niko Mgwashi, huku juu Bumbuli. Nalima, nafuga nyuki kidogo, na nafundisha kwaya ya usharika. Kwaya ndiyo raha yangu. Bila masikio, pale mimi si chochote.

Sasa sikio la kulia likaanza kuziba. Nikapitisha kijiti cha pamba, ndiyo kwanza nikaushindilia uchafu ndani.

Mazoezini nikawa nafoka, "Sauti ya kwanza, mnashuka!" Wananitazama tu. Mke wangu, Mama Neema, anaimba sauti hiyohiyo. Alininunia njia nzima hadi nyumbani.

Kwenye group la WhatsApp mtu akatuma video. Unalala ubavu, unachomekwa mshumaa wenye tundu sikioni, unawashwa, eti moto unavuta uchafu wote.

Ninunue wa nini wakati nta ninayo ndani? Nikayeyusha nta ya nyuki wangu, nikachovya vipande vya kitenge kikuukuu, nikaviringisha mishumaa miwili. Nilijiona fundi kweli, jamani.

Mama Neema akakataa kuuwasha. Nikamwambia basi najiwashia mwenyewe kwenye kioo. Akaona heri aushike yeye.

Moto ulipofika katikati, tone likadondoka ndani. Weee! Niliruka, mshumaa huko, mimi huku.

Lakini kupasua kile kipande kilichobaki, ndani kuna unga wa kahawia na vidonge vya njano. Maumivu nikayasahau. "Ona uchafu ulivyotoka!" Nikapiga picha, nikatuma group.

Mama Neema hakubishana. Akasimika mshumaa wa pili kwenye mdomo wa chupa tupu ya soda, akauwasha. Ulipokwisha akaupasua. Unga uleule, vidonge vilevile.

"Na hii chupa nayo ilikuwa haisikii?"

Nilikosa pa kuweka uso. Na sikio sasa limeziba kabisa, linawaka moto.

Kesho yake asubuhi, kituo cha afya. Daktari binti mdogo, akanipa shikamoo, akachungulia na kitaa chake, akarudia kuchungulia tena. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Nitasikia tena?"

"Utasikia baba. Umeungua ngozi tu, ngoma ya sikio ni nzima. Hiyo nta ingefika ndani zaidi kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Akaitoa ile nta taratibu, akanipa matone ya kulainisha uchafu wa zamani. Siku ya kurudi akaniosha kwa maji vuguvugu. Kikatoka kitu, mara nasikia viatu vya watu barazani. Machozi yalinilenga, sifichi.

Kwa hiyo wakuu, mshumaa hauvuti chochote. Ule unga ni nta na kitambaa kilichoungua. Sikio likiziba, usichokonoe wala usiwashe kitu. Nenda lichunguzwe kwanza, maana hata matone si ya kila sikio.

Mazoezi yaliyofuata nikawaimbisha. Sauti ya kwanza hawakushuka hata kidogo. Hawakuwahi kushuka! Nikawaomba radhi mbele ya wote.

Mama Neema akanisogelea upande wa kulia, akaninong'oneza kwamba radhi yake nitaiomba nyumbani, tena kwa kuosha vyombo wiki nzima.

Nilimsikia kila neno.

Haya, aliyewahi kufanya kama mimi aseme hapa, nisibaki mjinga peke yangu.