Debe la Maziwa Machachu

"Kiingereza kitamshinda hata kusalimia," nyapara Kiprono aliwaambia wenzake, nami nimesimama pale pale na debe mkononi. "Mtoto wa mkamuaji atakamua kama baba yake." Leo diploma yangu ya Uingereza imetundikwa sebuleni, mkabala na mlango, ili kila aingiaye aione kabla hajaketi. Hata hivyo, nikisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, huwa narudi kwenye lile shamba la mzungu karibu na Bahati, miaka ya hamsini.

Krimu ilipelekwa stesheni ya Nakuru. Maziwa yaliyobaki yaliachwa kwenye mapipa mpaka yakachacha, nguruwe wakanyweshwa, na masazo yao tukagawiwa sisi kila Jumamosi pamoja na unga wa posho. Nguruwe kwanza, sisi baadaye. Juu walielea nzi, chini kulikuwa na utelezi kama kamasi. Mama aliyachuja kwa kitambaa, tukayanywa tumebana pua.

Katika shule ya shamba, Mwalimu Yohana hakuvumilia mtoto aseme "tired" kwa kila kitu. Kila neno alilitafutia mahali pake. "Tired" ni mgongo wa mama aliyeshinda akichuma pareto. "Bored" ni mtu anayechunga ng'ombe walioshiba. "Annoyed" ni pale mbwa wa bwana anapobweka tukisoma. "Fed up" ni mbwa huyo huyo, kila siku, mwaka mzima. "Disgusted" hakuitolea mfano. "Hiyo kila mtu atajitafutia," alisema.

Kisha akaja mkaguzi, akiwa na nafasi moja tu ya shule ya kati. Mwenye shamba aliketi mbele, wazazi walisimama nje dirishani. Mkaguzi alimwuliza kila mtoto hujisikiaje Jumamosi. "I am tired, sir." "I am tired, sir." Darasa zima lilikuwa limechoka.

Nikasimama. "I am disgusted, sir."

Kalamu yake ilisita. Akataka nimweleze tofauti yake na "annoyed". Nikamweleza, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko alivyotarajia, kwamba nzi akianguka ndani ya maziwa, hiyo ni "annoyed". Nikilazimika kuyanywa baada ya nguruwe, hiyo ndiyo "disgusted".

Huko nje mtu aliangua kicheko, akakimeza. Shingo ya mwenye shamba ikawa nyekundu. Nafasi nikapewa mimi, na Jumatatu iliyofuata baba akaondolewa kwenye ukamuaji, akapelekwa kufagia zizi la nguruwe.

"Mdomo wa mtoto, mgongo wa baba," Kiprono alimwambia.

Nilipokuja likizo, baba alirudi jioni akinuka zizi. Alinawa mpaka viwikoni, kisha akasema kama kawaida yake, "Nimechoka." Nami, ndani ya kaptura yangu mpya ya shule, nikamwuliza ni kuchoka kupi, nikamtajia maneno yote ya mwalimu moja baada ya jingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma, kijana," akasema. "Sasa niletee maji mengine."

Nilimwona maskini wa maneno. Ilinibidi nivuke bahari, niinamie masinki ya watu nikiosha vyombo huko Uingereza, ndipo nikaelewa kwamba maneno yale yote alikuwa nayo. Kila jioni alijua vizuri ni lipi lililomkaba. Ila mtu mwenye mtoto shuleni huchagua lile lisiloweza kumfukuzisha kazi.

Niliporudi nilinunua shamba langu, na ng'ombe wa gredi, wenye maziwa mengi, ambao hata Kiprono, mzee sasa, alikuja kuwatazama. Asubuhi ya kwanza ya kukamua, kabla mtu yeyote hajaonja, nilimpelekea baba bilauri ya maziwa yenye povu. Aliiinua kwenye mwanga wa jua, akamtafuta nzi, hakumwona. Akanywa yote.

"Leo," alisema, akipangusa povu mdomoni, "sijachoka."