Lori Lililoitwa Hiari

Juzi mjukuu wangu alinisomea habari kwenye simu: wanakijiji wa nchi fulani yenye vita wamehama "kwa hiari". Nikasikia tena harufu ya moshi.

Enzi za Mwingereza, askari walitutoa kwetu chini ya Mlima Meru, mashamba wakapewa walowezi, nyumba zikachomwa. Alasiri moja tukiwa kwa shangazi, blanketi zetu bado zinanuka moshi, baba alitusomea gazeti la serikali. Lilisema tumehama kwa hiari.

Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Wenzetu walihama kwa miguu, sisi kwa lori; nikaona hiari ndilo jina la lori lile.

"Baba, hiari ilikuwa inanuka mafuta," nikasema.

Mama alicheka hadi akalia. Baba alikunja gazeti taratibu. "Mwanangu, hiari ni uulizwe, na uweze kukataa. Wewe uliulizwa?"

"Hapana, baba."

Baadaye mwenzetu mmoja alivuka bahari kwenda kuyaeleza mataifa. Yalimsikiliza, lakini shamba halikurudi. Nilichobaki nacho ni neno lile, na kila nikilisikia namshukuru baba.

"Hao watu waliulizwa?" nikamuuliza mjukuu.

Akatafuta, akatafuta. "Haijaandikwa, bibi."