Nimepigiwa Makofi kwa Kidonda Ambacho Sikukigusa

Assalaam aleykum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe, maana najua humu tupo wote. Admini, naomba jina langu lisionekane, na chuo usikitaje. Kigoma hii ni ndogo, tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Muha, mjane, naishi Katubuka. Nina watoto wanne na mjukuu mmoja. Miaka mingi nimekuwa mhudumu wa zahanati: kupiga deki, kuchemsha vifaa, kumshika mkono mzazi anayelia. Shule yangu ilikuwa ndogo. Kidato cha nne nimerudia nikiwa mtu mzima, Baiolojia nikaipata mara ya tatu, ndipo nikapokelewa chuo kusomea cheti cha uuguzi. Darasani wananiita Bibi. Sikasiriki, nacheka nao. Nilichotaka ni leseni tu, nami siku moja nichome sindano kwa jina langu mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Tukiwa mazoezini hospitali, kila mwanafunzi ana kitabu chake. Ukimhudumia mgonjwa, sista anayekusimamia anakisaini. Kisipojaa saini, mtihani wa mwisho hukai. Asubuhi moja, wodi ya wanaume, sista alinipangia kusafisha na kufunga kidonda kitanda cha sita, kijana aliyeanguka na bodaboda njia ya Mwandiga. Jeraha lilikuwa juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Nikaandaa trei yangu vizuri, nikafungua pazia. Nikakuta ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza! Kumbe alianguka jana yake jioni, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji.

Mnaojua mila zetu mtanielewa. Tangu amuoe binti yangu hatujawahi kula pamoja, na tukikutana njiani ananipisha, ananiamkia akitazama chini. Leo yuko mbele yangu bila suruali. Aliponiona akajivutia shuka mpaka usoni, miguu ikabaki wazi. Mimi nikajifunika uso kwa kile kitabu changu.

Sista alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mwingine. Nikatoka nje ya pazia. Mwenzangu mmoja, nitamwita Zawadi ingawa si jina lake, binti wa miaka ishirini kutoka Gungu, akaanza kunicheka.

"Bibi, umeona chatu huko ndani?"

"Ni mkwe wangu."

"Yallah! Lete trei. Wewe nenda dirishani kahesabu mitumbwi."

Akaingia, akafanya kazi safi kabisa, akaniachia trei, akaenda kunawa. Sista aliporudi akanikuta nimeshika trei chafu. Akaangalia bandeji. "Mama, umefunga vizuri kuliko hawa watoto," akasema, akasaini kitabu changu. Ndugu zangu, dhambi yangu ndiyo hiyo. Nilinyamaza.

Afadhali ingeishia hapo. Jioni binti yangu alimletea mumewe uji, akanivuta pembeni. "Mama, baba watoto anasema ahsante sana kwa kutoka. Anasema umemsitiri." Lakini sista alimsikia kwa mbali akiniita mama, akaunganisha mambo yake mwenyewe, akaenda kumsimulia mwalimu wetu. Wiki iliyofuata mwalimu akanisimamisha darasani. "Huyu mama amemfunga kidonda mkwe wake mwenyewe! Nyie mnaokunja pua kwa mgonjwa msiyemjua, mtazameni. Muuguzi ndiye huyu." Darasa zima likapiga makofi. Zawadi naye alipiga, huku ananitazama.

Yaani mkwe ananishukuru kwa kuondoka, na mwalimu ananisifu kwa kubaki.

Linaloniumiza zaidi, kitabu cha Zawadi kimepungukiwa saini moja, nayo ni ya kidonda. Siku zake za kupumzika anakwenda wodini kuuliza kama kuna kidonda, anakuta wenzake wameshapangiwa. Nikamwambia nataka kusema ukweli. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama," siku hiyo hakuniita Bibi, "ukisema, mimi nimemgusa mgonjwa ambaye sikupangiwa, tena bila msimamizi. Wewe umesainiwa kazi isiyo yako. Tutafukuzwa wote. Nyamaza, kidonda changu nitakipata."

Tangu hapo situlii. Naanza kufagia uwanja, naacha katikati. Nabandika maharage, nasahau kuongeza maji. Nikiswali sijui nimefika rakaa ya ngapi, narudia, napotea tena. Na mwalimu ameniambia Jumatatu ijayo, wanafunzi wapya watakapowasha mishumaa na kula kiapo cha uuguzi, nisimame niwaeleze nilivyoishinda aibu. Vitabu vinakusanywa siku hiyo hiyo.

Kuna jingine ambalo hata Zawadi sijamwambia. Hapa Kigoma nina wakwe, nina mashemeji, yupo na mzee aliyenifundisha Kurani. Wote hao huugua. Leseni ninayoitafuta haitaandikwa "isipokuwa wakwe." Mkwe wangu akiletwa tena kesho kitanda cha sita, na Zawadi hayupo, Wallahi sijui kama nitaingia. Na kama siwezi kuingia, hii saini naililia ya nini?

Niseme, nimponze mtoto wa watu aliyenisitiri? Au nisimame nidanganye mbele ya watoto walioshika mishumaa? Msinitukane jamani, niambieni kama mngemwambia mama yenu, na mniambie kabla ya Jumatatu. Nifanye nini?