Usaili wa Kaa

Hajira Sufiani alikuwa na digrii ya uvuvi na hakuwa tayari kunuka samaki. Wewe cheka, lakini ndivyo alivyokuwa, na Kibiti nzima ilimjua hivyo: binti mrefu, baibui limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani, kila Jumatatu anaingia steshenari ya karibu na stendi kutoa kopi za vyeti vile vile alivyovitolea kopi Jumatatu iliyopita. Kwa miaka mitatu ilikuwa hivyo. Mwenye mashine akimwona tu anaiwasha, haulizi ni kurasa ngapi.

Si kwamba milango haikuwapo. Ilikuwapo, ila yote ilikuwa mifupi kwake, na yeye kuinama hataki. Ofisi ya uvuvi walimwambia aje ajitolee, watampa nauli na chai. Akasema hakusoma ili aje kunyweshwa chai. Mzee Zaverchand wa Ikwiriri, mnunuzi wa ufuta, alitaka mtu wa kupima unyevu ghalani kwa msimu mmoja. Akasema ufuta si fani yake. Shule moja huko Mtawanya ilikosa mwalimu wa baiolojia. Akasema chaki inamkausha mikono. Semina za kujiajiri alihudhuria nne, akaambulia mabegi manne na kalamu. Kazi za maana nazo zilimtaka uzoefu wa miaka miwili, na uzoefu hauuzwi dukani. Hapo, haki ya Mungu, alikuwa na hoja, maana hao wanaoandika matangazo ya kazi nao ni watu wa ajabu: wanamtaka mtoto azaliwe anatembea. Lakini hoja haimlishi mtu miaka mitatu. Aliyemlisha ni mama yake.

Mama yake, Bi Mwantum, alikuwa mchokoa kaa huko Kiomboni, ndani kabisa ya delta. Maji yakishakupwa anajifunga kanga kibwebwe, anaingia mikokoni na chuma chenye ncha iliyopinda, anazama topeni mpaka mapajani, anakiingiza chuma shimoni. Kaa akitoka anamfunga magando, kisha anambonyeza kwa kidole gumba chini ya gamba, karibu na mguu wa nyuma. Gamba likiwa gumu, kaa huyo amejaa nyama, anauzwa. Likibonyea, huyo ni kaa maji: kajivua gamba juzi juzi, ndani mtupu, wanunuzi wengi hawamtaki. Elimu yenyewe ndiyo hiyo, na Hajira aliinywa tangu ana miaka saba. Kwa kaa hao alisomeshwa sekondari ya bweni, na kwa kaa hao hao akavishwa joho.

Huko bweni ndiko walikomharibu. Wasichana wa mjini waliliona tope kwenye kucha zake, wakamwita Matope, na jina likamganda mwaka mzima. Akajiapiza. Chuoni alisema kwao ni Kibiti mjini, mama yake ni mfanyabiashara wa mazao ya bahari. Likizo akirudi nyumbani, anashinda ndani anasoma, tope halikanyagi ng'o. Mama akija Kibiti kuleta kaa, walisalimiana nyuma ya soko, kwa haraka, kama watu wanaouziana bangi. Mwisho akamkataza waziwazi: mama, usinitaje kwa watu. Na Bi Mwantum, sijui alikuwa mama wa namna gani yule, akakubali. Alidhani ndivyo wasomi wanavyoishi.

Mwaka huu sasa ndipo likatokea la kutokea. Bi Jigna, mzaliwa wa Ikwiriri, mjukuu wa wenye duka la vitambaa, anayekisema Kiswahili cha huku vizuri kuliko wengine wetu, alikuwa na kampuni ya kaa. Alinunua wale kaa maji waliokataliwa na wengine, akawaweka vizimbani wanenepe, kisha akawasafirisha nje wakiwa hai. Akatangaza nafasi moja: mhitimu mmoja aende Vietinamu miezi kumi, kwenye shamba la kutotolesha kaa, akajifunze kwa vitendo. Nauli na posho juu ya kampuni, na akirudi ana kazi ya kudumu. Sharti lilikuwa asiwe ametimiza miaka ishirini na saba. Hajira alikuwa na ishirini na sita na miezi kumi na moja. Akiikosa hiyo, basi tena.

Ikamvimbisha kichwa kabla hajaipata. Kwa watu wa kwetu Vietinamu nayo ni Ulaya tu, na yeye hakuwasahihisha. Akaanza kuaga. Alitazama kwenye simu video za vijana wa huko wamevaa makoti meupe, wameshika vichupa vya kioo, hakumwona hata mmoja mwenye tope, akasema haya, hii sasa ndiyo kazi ya kaa ya watu waliosoma. Maombi yalitaka barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Mama yake aliifuatilia siku mbili, akaituma kwa boti mpaka bandari ya Nyamisati. Alipouliza ni kazi gani, Hajira akamwambia ni ya kompyuta.

Mshindani aliyemjua alikuwa mmoja, Abubakary, mtoto wa fundi baiskeli wa Mtawanya. Walisoma darasa moja, na alama zake zilikuwa za kusukumasukuma. Huyu hakuchagua mlango. Alijitolea ofisi ya uvuvi mwaka mzima akibeba mafaili, akaenda kupima ufuta kwa Zaverchand, kisha akapotea miezi mitatu, akaibuka kakonda, kaungua na jua, kucha zimejaa tope. Walikutana pale steshenari siku ya kutoa kopi za maombi. Alisema alikuwa deltani, anajifunza kaa kwa mama mmoja hodari ajabu. Hajira hakutaka hata kujua mama gani. Alizitazama zile kucha, akamwuliza kama huko Vietinamu atakwenda na jembe lake. Mwenye mashine akacheka, Abubakary naye akacheka, na Hajira akatoka akijua keshashinda.

Siku ya usaili waliitwa watu sita ofisini kwa Bi Jigna. Abubakary alitangulia, akatoka anapangusa mikono kwenye suruali. Hajira akaingia na viatu vya kisigino. Mezani palikuwa na mafaili, simu, na beseni la kaa watano waliofungwa magando. Bi Jigna alimkaribisha, akasema vyeti keshaviona na maswali ya darasani hana. Alitaka kitu kimoja tu.

"Nionyeshe yupi nimuuze leo, na yupi nimrudishe kizimbani anenepe."

Sasa tazama mambo ya mwanadamu. Mkono wa kulia wa Hajira ulijua. Ulikwishanyanyuka mapajani, kidole gumba kimekwishajikunja. Kaa watano wale angewamaliza kabla Bi Jigna hajakaa vizuri kitini. Lakini zikamjia kucha za Abubakary, akaurudisha mkono. Akaomba glovu. Glovu hazikuwapo. Basi akaeleza kwamba kitaalamu kaa hupimwa upana wa gamba kwa kifaa maalumu, na uzito kwa mizani ya kidijitali, kisha vipimo hivyo vikalinganishwa kwenye jedwali. Kwamba kumshika kwa mkono mtupu ni njia ya kienyeji isiyo na uhakika. Aliisema vizuri mno. Mle ndani ya beseni kaa mmoja alikuwa anatoa povu.

Bi Jigna hakubisha. Aliandika kidogo, akafungua faili, akauona muhuri wa Kiomboni kwenye barua ya mtendaji. Uso ukamchangamka. Akasema huenda basi Hajira atamsaidia jambo, maana kijana aliyetangulia kaleta barua ya mama mmoja wa huko huko, eti ndiye mwalimu wake. Kaandikiwa na mtendaji, mwenyewe kaweka dole gumba. Tena kijana kapatia kaa wanne kati ya watano, kwa hiyo mwalimu huyo si wa kubahatisha. Akalisoma jina.

"Bi Mwantum Hemedy. Unamfahamu?"

Loo! Mtu anafunguliwa mlango mara ya pili, safari hii mpaka kwenye bawaba, na hata kuinama haambiwi. Maneno mawili tu yalitakiwa: mama yangu. Angeyasema hayo, akautia mkono ndani ya beseni, Abubakary angerudi kwenye ufuta. Lakini kwenye fomu, pale pale chini ya vidole vya Bi Jigna, mzazi alikuwa ameandikwa mfanyabiashara, bila hata jina kamili. Hajira aliona aibu ya bweni, aibu ya chuo, na aibu mpya ya kuonekana mwongo, akaichagua ile iliyokuwa rahisi kwa dakika ile.

"Namsikia tu," akasema.

Bi Jigna akasema si neno, atampigia mwenyewe. Namba ilikuwa chini ya dole gumba. Kwa kuwa alitaka kuandika atakachoambiwa, aliiacha simu mezani, akaiweka sauti kubwa. Iliita mara mbili. Halafu sauti ikaingia mle chumbani, na nyuma yake watu wanaitana na injini ya boti inaguguma. Hajira aliijua kabla haijamaliza salamu.

Bi Mwantum hakuwa na maneno mengi. Alisema ndiyo, huyo kijana kamfundisha yeye, ni mtiifu, ila bado analiogopa gando, na yule kaa wa katikati, ambaye si mtupu wala hajajaa, humpiga chenga. Bi Jigna akashukuru, akataka kukata.

"Subiri, mwanangu," sauti ikasema. "Kama mnatafuta mtu wa kaa, mie nina binti yangu. Toka ana miaka saba anaingia topeni na mie. Kaa akimgusa tu keshamjua, ananishinda hata mie. Hajira, Hajira Sufiani. Yuko huko huko Kibiti, leo ana usaili wa kompyuta. Amenikataza nisimtaje kwa watu, lakini nyie naona si watu wabaya."

Simu ikakatwa. Bi Jigna alilitazama jina juu ya faili, kisha akamtazama mwenye jina. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema taratibu kwamba asiyejua kumchagua kaa atamfundisha, hata ikichukua mwaka mzima. Lakini huko anakompeleka, mtu atakuwa peke yake, na yeye huku atategemea anachoambiwa kwa simu. Akafunika faili. Hajira akaichukua bahasha yake, akainuka.

Alitoka, akavua vile viatu, akakaa kwenye benchi la mama ntilie kando ya barabara kuu, mabasi ya Lindi yanapita. Unadhani alijuta? Aa wapi. Alimkasirikia mama yake. Mtu kanyimwa nafasi kwa ulimi wake mwenyewe, bado anatafuta wa kumtwika! Alikaa pale anayapanga maneno ya kumwambia, makali moja baada ya jingine, kwamba umeniharibia, kwamba nilikukataza, kwamba hukusikia. Alikuwa hajamaliza kuyapanga simu ilipoita, na aliyepiga ni yeye.

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Hajira, mwanangu, nisamehe. Wamenipigia watu wa kaa, nikajisahau, nikakutaja. Sijui kama wanajuana na hao wa kompyuta. Wakikuuliza, wewe sema hunijui."