Waliniita Docteur juu ya nyuki

Wenye ukurasa, mufiche jina langu lakini musifiche umri. Niko na miaka 74. Volkano mbili zimenipita, na vita sihesabu tena. Daktari aliyesema sitafika Noeli, yeye ndiye tulimuzika. Naandika mwenyewe, kidole moja. Masomo yangu ni kidogo, lakini kijiji yetu Kalengera yote hakuna mutu wa kunifundisha kulima.

Mukwe wangu, bwana ya binti yangu, aliweka mizinga ya nyuki pembeni ya shamba langu la maboga. Akaniomba: «Papa, ukitaka kupuliza dawa, uniambie mbele. Na upulize mangaribi, nyuki wakiisha kurudi.» Nikamujibu: «Mimi muzee muzima niombe inzi ruhusa?» Nikapuliza asubuhi, maua yako wazi, na dawa nikazidisha. Dawa ni dawa. Kama kidogo inaponyesha, nyingi inaponyesha zaidi.

Kesho yake akaniletea beseni imejaa nyuki wafu. Akaitua kwa miguu yangu, watu wanaangalia. «Docteur, wagonjwa wako wamelala wote.»

Watu walicheka mpaka kushika tumbo. Mimi ni mutu wa kuchekwa? Nikabeba beseni, nikamwagia kuku za bibi yangu, mama ya watoto wangu. «Kuleni, nyama ya bure!» Sasa wakacheka na mimi. Mangaribi kuku ziliyumba kama walevi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, zikaanguka moja moja. Bibi alizilea tangu mayai. Hakulia. Alifunga kitenge, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Goma, kwa binti yetu mwingine, mutaa wa Majengo.

Maboga yangu yanatoa maua makubwa, halafu maua yanaanguka bila kuzaa. Ya majirani vilevile. Nikipita njiani wanaita: «Docteur, kuja upime na yetu!»

Leo nimefika Majengo kumurudisha. Alinisemesha kwa dirisha tu: «Muzee, tupa ile pompe ya kupuliza dawa. Umuombe mukwe musamaha mbele ya watu wale uliochekesha. Nitarudi.»

«Baba mukwe hapigii mukwe magoti.»

«Basi ulale na pompe yako.» Akafunga dirisha.

Nyinyi wenye masomo, munishauri: nitamurudisha namna gani bila kuinamia mutoto niliyemupa binti? Habari ya nyuki musiniambie, nimechoka kuisikia.

Mwenye kusema nadanganya, aulize katekista wetu, yeye ndiye alicheka wa kwanza. Ao aulize bibi yangu. Mimi nikimuuliza, anafunga dirisha.