Siku Mbili za Baba Mdogo Festo

Mpaka leo, nikisikia harufu ya marashi makali ya kiume kwenye foleni ya uwanja wa ndege, hukaza meno. Namkumbuka Baba Mdogo Festo, na nyie mnaonisoma nawaambia ukweli: sijamsamehe.

Nilikuwa darasa la nne. Tuliishi Mpanda mjini, jirani na uwanja wa ndege, na Bibi Kalunde, mama yake baba, alikuwa amelala chumba cha mbele, mgonjwa, tumbo limevimba. Alitaka kitu kimoja tu: kumwona Festo, kitinda mimba wake, aliyefanya kazi Dar es Salaam. Kila Jumapili Mama alimpigia simu na kuiweka sikioni mwa Bibi.

"Mama, huko ni mbali," Baba Mdogo alimwambia Bibi. "Siku mbili barabarani. Nikipata nafasi nitakuja."

Bibi akanigeukia. "Umesikia? Siku mbili. Mwanangu atachoka."

Nikaamini. Miezi mitatu tulingoja mvua zikatike, barabara ikauke. Bibi alifariki siku ya Alhamisi, uso ameuelekeza mlangoni.

Ijumaa, kabla ya mchana, Baba Mdogo akaingia uani, suruali imenyooka, ananukia. Tukazika. Baadaye watu wakila wali na maharage chini ya turubai, mimi nikiwanawisha mikono, nikamsikia akiwaambia wanaume wenzake:

"Dar na hapa? Pua na mdomo! Nimepanda ndege asubuhi, tumegusa Tabora, hata saa tatu hazijaisha nimeshatua. Kesho nageuza."

Nikaliweka jagi chini. Saa tatu! Yale maharage yenyewe yalikaa jikoni muda huohuo ndipo yakaiva.

Asubuhi yake, alipokwenda kuoga, niliingia chumbani, nikachukua pochi yake yenye vitambulisho, nikapita nayo jikoni hadi uani, nikaidumbukiza kwenye shimo la choo. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni, taratibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Walikung'uta mikeka, wakapekua hadi magunia ya mpunga. Uwanjani wakamkatalia: bila kitambulisho hakuna safari. Ndege ikapita juu ya bati letu bila yeye.

Aliporudi nyumbani nikamsogelea. "Pole, Baba Mdogo. Basi lipo. Ni siku mbili tu."

Akainamisha macho, akachukua begi lake kwenda stendi. Basi lake lilikwama kwenye tope, akalala njiani na nguo zake za ndege. Habari hiyo ilipotufikia nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Niliitunza siri hiyo miaka mingi. Mwaka jana, tukichambua mchele, nikamwambia Mama. Hakuinua uso.

"Nilikuona ukipita jikoni na ile pochi," alisema. "Nikajifanya napuliza moto."

Tukacheka. Halafu akaongeza: "Ila Bibi yako alijua. Ndege ya Dar inatua hapo nyuma ya nyumba, mtu mzima angekosaje kujua? Zile siku mbili alikuwa anawaambia nyie watoto, msije mkamchukia mwanae."

Kumbe alikuwa amemsamehe mapema, angali hai, kila Jumapili. Wanasema nimechukua sura ya Bibi, na mwendo wake pia. Moyo wake sikuuchukua.